Nyumba Zilizopigwa X

Namsifu alikuwa anapaka mlima rangi ya kijivu. Ulikuwa mlima wa tatu asubuhi ile, na kijivu chake kilitakiwa kizidi kidogo kile cha mlima wa pili bila kufikia cha mlima wa nne, kwa sababu mlima wa nne ulitarajiwa kuporomoka na huu wa tatu ulikuwa bado unatafakari. Alichovya brashi, akaipangusa kwenye mdomo wa kopo, akarudi nyuma kidogo kutazama. Kutoka pale aliposimama milima yote ilikuwa sawa. Ilifanana na mashuka ya hospitali yaliyofuliwa kwa maji ya mto: hili limetakata kidogo, lile bado.

"Sasa huu wa nne watu watauonaje?" aliuliza.

Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni. "Watasogea karibu."

"Karibu na mlima?"

"Karibu na picha, Namsifu. Usinitie maneno mdomoni. Maneno yana kitengo chake."

Nchi ile ilikuwa na milima mingi kuliko barabara, na kila masika mlima mmoja au miwili ilikuwa na tabia ya kuwashukia watu wakiwa mezani. Serikali haikupenda kushtukizwa. Ndipo ikaunda Idara ya Tahadhari za Miteremko, ambayo kazi yake ilikuwa kuwaambia wananchi, kila asubuhi ya masika, ni mlima upi umekaa vizuri na upi haujakaa vizuri. Ramani ya Namsifu ilibandikwa nje ya kila ofisi ya kata, na aliyepita aliitazama, kama si kwa ajili ya milima basi kwa ajili ya kivuli cha ubao.

Zamani ramani ilikuwa na rangi. Ilikuwa na kijani, njano na nyekundu, kama taa za njia panda. Lakini kijani kilikuwa cha chama tawala, na wenye milima isiyokuwa ya kijani wakalalamika kwamba wamefukuzwa chama. Njano ilikuwa ya wale waliojitenga na chama tawala. Na siku wilaya nzima ilipopakwa nyekundu, mkuu wa mkoa alipiga simu kwa sauti ya kutetemeka kuuliza kama uchaguzi umefanyika yeye akiwa safarini. Zambarau walikuwa nayo maaskofu. Nyeusi ilionekana ni kuwahi matanga. Ikabaki kijivu, ambacho hakikuwa kimechukuliwa na mtu yeyote kwa kuwa hakuna aliyewahi kukitaka.

Mlima wa nne uliitwa Kwembago. Kwa Mkurugenzi ulikuwa mlima wa nne. Kwa Namsifu ulikuwa mahali ambapo mama yake mdogo, Nakiete, aliyemlea toka alipofiwa na mama, alikuwa na nyumba ya bati kwenye ubavu wa mashariki. Juu ya nyumba ile, katika mashamba ya maharage, ulikuwa umetokea ufa. Wataalamu wa ardhi walikwenda wakautazama, wakarudi kimya, na kwa wataalamu wa ardhi kimya si dalili njema. Mvua kubwa ilikuwa inakuja. Namsifu alitaka jambo moja tu: mama mdogo ashuke kabla udongo haujashuka.

Akachovya tena brashi, akaanza mlima wa nne. Alikikoleza kijivu kadiri kanuni zilivyomruhusu, na kidogo zaidi.

*

Upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi alikaa Mzee Senzota, mkuu wa Kitengo cha Maneno na mfanyakazi wake pekee.

Sheria iliyounda Idara ilikuwa imeeleza vizuri. Picha zilikuwa za wananchi wasiojua kusoma. Maneno yalikuwa ya wananchi wanaojua. Wananchi wenye macho na pia wanaojua kusoma walitakiwa wachague kimoja na wakishikilie. Vitengo viwili havikuruhusiwa kushauriana, ili kuwe na ushindani wenye tija. Kwa hiyo Namsifu na Mzee Senzota walikuwa wakisalimiana kwa kugonga plaiwudi, yeye akigonga kwa adabu ya mtoto, mzee akijibu kwa pigo moja zito la marahaba.

Mzee Senzota alikuwa na shida yake mwenyewe. Maneno yalikuwa yamemkimbia.

Mwanzoni alitumia neno "hatari". Akaandika ilani nzuri, fupi, ikasomwa redioni mara mbili: Kwembago ni hatari wiki hii. Jumamosi yake vijana walipanda Kwembago kwa pikipiki, na spika, na mbuzi wa kuchoma. Walifika juu, wakatazama bonde lote lilivyotandikwa chini yao, wakatingisha vichwa. Wakasema redio haikudanganya, kweli mlima ni hatari. Wengine walileta wachumba.

Akajaribu "balaa". Kumbe wiki ileile mwanamuziki mmoja alikuwa ametoa wimbo ulioitwa hivyo, na ukawa balaa kwelikweli. Akajaribu "mteremko mkali", vijana wakasema ni mkali kweli, wakarudi. Kila neno la kutisha katika lugha ile lilikuwa limeshatumwa kusifia nyama, muziki na wasichana, na halikuwa na nguvu ya kurudi kazini. Mzee Senzota alikaa na kamusi yake siku nyingi, kama mtu anayetafuta jino kwenye mchanga.

Wizara ikamsaidia. Ikamletea maneno yake yenyewe: "mshuko wa ardhi usio rasmi". Yalitangazwa asubuhi. Mchana wananchi wa kata tatu walituma wajumbe kuuliza ule mshuko rasmi utakuwa lini, na kama kutakuwa na chakula.

*

Ikabidi suala la picha na maneno liitiwe semina.

Semina ilifanyika hotelini, mbali na milima, kwenye uwanda ambao kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa jukwaa la mgeni rasmi. Aliitwa mshauri mwelekezi, mtu mpole mwenye viatu laini, ambaye alikuwa amefanya utafiti. Nusu ya wananchi aliwaonyesha picha ya mlima unaoanguka. Nusu nyingine aliwasomea maneno kuhusu mlima unaoanguka. Kisha akawauliza wote watafanya nini. Walioona picha walisema wataisubiri serikali. Waliosikia maneno walisema wataisubiri serikali. Mshauri alihitimisha kwamba njia zote mbili zina ufanisi sawa, akanywa maji, akaketi.

Ndipo Mheshimiwa Waziri akasimama.

"Ndugu wanasemina," alisema, "mlima hauna chama. Lakini macho yanayoutazama mlima yana chama. Ni lazima tuyalinde macho ya mwananchi." Makofi. "Wako walioniambia mwananchi hasomi. Wako walioniambia mwananchi anasoma ila haamini. Mimi nasema, tumpe alama! Alama haihitaji kusomwa. Alama haihitaji kuaminiwa. Alama ni alama!"

Walipiga makofi muda mrefu, kwa sababu chakula kilikuwa kimechelewa.

Namsifu akaitwa mbele, akapewa kalamu. "Wewe binti wa picha," Waziri alimwambia kwa upole. "Chora kitu kimoja kinachosema: usikae hapa."

Alifikiri kidogo. Akachora nyumba. Akachora X kubwa juu yake. Alikuwa anakumbuka madaftari yake ya hesabu, na namna X ya mwalimu ilivyokuwa ikimwambia aondoke mahali alipo aende kwingine. Ukumbi ukashangilia. Mtu wa itifaki aliuliza kama X itakuwa nyekundu na kama wekundu huo hautaleta maneno, lakini Waziri akasema mstari si rangi, mstari ni wino.

Mzee Senzota, kutoka viti vya nyuma, alinyoosha mkono kuuliza kama chini ya X kutakuwa na maelezo kidogo. Akajibiwa kwamba siku ya maneno ilikuwa jana.

*

Vijana wa Idara walipanda Kwembago na makopo yao. Kila nyumba iliyokuwa chini ya ufa waliipiga X ukutani, kubwa au ndogo kulingana na mikono ya mpigaji. Hawakusema kitu. Walikuwa Kitengo cha Picha.

Baada ya muda Mkurugenzi aliingia kwa Namsifu akiwa na uso wa sikukuu. "Mwitikio mkubwa!" alisema. "Kabla ya X, watu walikuwa wanapungua Kwembago, mmoja mmoja, bila mpangilio. Toka tuweke X, watu wanaongezeka."

"Wanaongezeka wakienda wapi?"

"Wanakuja, Namsifu. Wanakuja Kwembago."

Namsifu aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda.

Njia ya Kwembago ilikuwa ya miguu, matope na mizizi. Wagonjwa walishushwa kwa machela, na wajawazito pia, na si wote waliofika chini wakiwa na pumzi. Toka enzi za babu zake watu wa Kwembago waliomba kitu kimoja kutoka kwa kila serikali iliyopita, na kitu hicho kilikuwa barabara. Waliahidiwa katika kila uchaguzi.

Alisikia nyundo kabla hajaiona nyumba hata moja. Kwembago nzima ilikuwa inajenga. Mahali pa nyumba moja palikuwa na nyumba na vibanda viwili. Migomba ilikuwa imepandwa mpaka kwenye vizingiti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu. Pita huku, huku, usinikanyagie miche."

Ilikuwa miche ya kahawa. Ilikuwa uani, ilikuwa njiani, mmoja ulikuwa umepandwa kwenye sufuria bovu.

"Yote hii ya nini?"

"Ya kuhesabiwa," alisema Nakiete. Alikuwa amejifunga khanga mpya kiunoni. Alimshika Namsifu mkono, akamwonyesha chumba cha fito na udongo kilichoegemea nyumba kama mlevi anayeegemea rafiki. "Na hiki pia. Nimekimaliza juzi."

"Hakina mlango."

"Milango hawaihesabu. Nimeuliza." Kisha akamgeuza kuelekea ukutani, na sauti ikabadilika. "Ila wewe umeniaibisha. Hebu itazame hii X. Itazame! Ya Sebarua inaonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi mwenye mtoto serikalini napigiwa X kama chaki ya fundi cherehani!"

Hapo ndipo Namsifu alipoelewa, akakaa juu ya gogo.

Katika nchi ile X nyekundu ukutani ilikuwa na mwenyewe, tena wa siku nyingi. Ilikuwa alama ya watu wa barabara. Kule mijini nyumba ikipigwa X, maana yake barabara inapita hapo, na mwenye nyumba, baada ya kelele na vikao, atalipwa fidia. Kila mtu alijua. Namsifu naye alijua, kama mtu anavyojua jambo lisilomhusu, kwa sababu mjini alipanga kwenye uchochoro ambao hakuna barabara iliyowahi kuutamani. Na wakubwa wote wa semina ile walikuwa wanakaa nyumba za serikali.

Vijana walipokuja na makopo, wakapiga X bila kusema neno, wakaondoka, Kwembago ilichinja fahali.

"Binti wa barabara!" Sauti hiyo ilitoka njiani. Alikuwa Sebarua, mwenyekiti wa kitongoji, na boriti begani. "Umekuja kukagua? Tuambie, inaanzia kwangu au kwa mama yako?"

"Mzee Sebarua, nilisikia ulikuwa umehama."

"Nilihama kabisa! Ufa ule ulinitia woga, nikaenda kwa shemeji yangu kule chini, nikalala na kondoo. Halafu nikasikia zimepigwa X. Nikajiambia, Sebarua, wewe mjinga. Serikali inaweza kupitisha barabara mahali pabovu? Wana wataalamu wale." Aliishusha boriti. "Nikawarudisha wote, mama, watoto na wajukuu. Na kondoo wa shemeji."

"Na ufa?"

"Upo. Zamani tulikuwa tunauruka. Sasa tumeweka gogo."

Namsifu akawaambia. Aliwaambia taratibu, kama anavyopaka rangi, kipande kwa kipande: kwamba X si ya barabara, ni ya mlima, kwamba maana yake ni ondokeni, kwamba ameichora yeye kwa mkono wake. Sebarua alicheka mpaka akajifuta macho, akasema mabinti wa siku hizi wana utani wa kikubwa, akabeba boriti yake akaenda. Nakiete hakucheka.

"Nani kasema?"

"Mimi, mama mdogo."

"Wewe nimekunyoa nywele mimi. Nauliza serikali imesema?"

"Ndiyo hiyo X. Ndivyo ilivyosema."

Mama mdogo aliigeukia X. "Mwanangu," alisema, "nipo kwenye hatari hii toka nimeolewa. Kila masika nipo. Hakuna aliyewahi kupanda huku na kopo la rangi kwa ajili ya hilo. Leo watoke kule, wapande matope yote haya, wachafue viatu, waje kuniambia nife au nisife? Bure? Hapana. Serikali ikipanda mlima kuna kitu inataka. Inataka kiwanja changu, na italipa."

Hoja ile haikuwa na tundu.

"Basi ifute," Nakiete akasema. "Ukiifuta nitajua barabara haipo. Nitafunga virago vyangu."

*

"Haifutiki," alisema Mkurugenzi. "Soma kanuni. X ikifutwa, maana yake mteremko umekuwa salama. Unataka nitangaze Kwembago ni salama?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Basi ibaki."

"Ikibaki wanakaa."

"Wanakaa mahali ambapo tumeshawaambia hapakaliki. Hapo Idara inakosa gani?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na presha, na watoto shuleni, na kiti kilichowahi kukaliwa na wakurugenzi watatu waliosema mambo wazi. Namsifu alimtazama akipekua kanuni, kidole kikitembea chini ya mistari, na akaona kwamba kweli alikuwa anatafuta. Kanuni ndiyo haikuwa na kitu.

Plaiwudi ikagongwa. Halikuwa pigo la marahaba. Kisha, kwa mara ya kwanza toka sheria ipitishwe, plaiwudi ikasema.

"Andikeni HAKUNA FIDIA," alisema Mzee Senzota. "Chini ya kila X. Maneno mawili tu. Hayo hayajachukuliwa na mtu. Sijawahi kusikia wimbo unaoitwa hakuna fidia."

Mkurugenzi aliutazama ukuta, na uso wake ukalegea, kama wa mtu aliyesikia baba yake akimwita. Namsifu alidhani amekubali. Lakini alipofungua mdomo alikuwa amesharudi kazini.

"Serikali haina neno 'hakuna', mzee. Wewe ndiwe mtu wa maneno, unalijua hilo. Tutaandika: FIDIA, MCHAKATO UNAENDELEA. Ni maneno ya kweli. Mchakato wowote unaendelea."

Redio iliyasoma jioni hiyo katika taarifa ya habari, kabla ya salamu. Asubuhi yake watu kutoka milima mingine, ambayo ilikuwa imekaa vizuri kabisa, walionekana wakipanda Kwembago na fito begani.

*

Mtu wa hali ya hewa alisema mvua kubwa itaingia mwisho wa wiki. Alisema kwa namba na kwa mchoro, na hakuna aliyemwelewa, lakini siafu walikuwa wameshaanza kuhama.

Namsifu hakuaga. Alichukua ngazi fupi ya stoo, brashi mbili na kopo la rangi nyeusi, lile la kuandikia namba za milango ya ofisi. Alipotoka nje alimkuta Mzee Senzota kizingitini, amevaa mabuti ya mpira na koti la suti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe wewe mfupi hivyo?" alisema. "Kwa ugongaji wako nilidhani u mrefu. Lete ngazi."

Walipanda polepole. Kila baada ya mwendo mzee alisimama, akashika magoti, akasema maneno kadhaa ambayo hayamo kwenye ilani yoyote. Walifika kwa Nakiete mchana, mawingu yakiwa yamekaa juu ya mashamba kama kuku juu ya mayai.

Nakiete hakuwazuia. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba kisicho na mlango, mikono mapajani, akiwatazama. Namsifu alishika ngazi. Mzee Senzota akaandika chini ya X, herufi moja baada ya nyingine, akirudi nyuma kila mara kuona kama zimenyooka. Mama mdogo alikuwa amesoma kwenye madarasa ya watu wazima, jioni, kwa taa ya chemli, akiwa na Namsifu mgongoni.

"Ha," alisoma. "Ku. Na." Akainuka, akasogea karibu na ukuta. "Fi. Di. A."

Mzee alishuka ngazi.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Hata kidogo? Hata ya kahawa?"

"Hata ya kahawa, mama mdogo," alisema Namsifu.

Nakiete aliitazama miche yake. Upepo ulikuwa umeanza kuiinamisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa ambaye ameshaona watu wakimlilia: "Na barabara?"

Namsifu alikuwa ameshika kopo. Angeweza kusema mchakato unaendelea. Neno lilikuwapo kinywani, laini, limeshatafunwa na wengi.

"Na barabara hakuna."

"Basi andika na hilo," alisema Nakiete. "Andika, watu wasikae wanangoja."

Mzee Senzota alipanda tena. HAKUNA BARABARA. R ilikaa upande, akairudia. Alikuwa ameandika ilani miaka mingi, na hii ilikuwa ya kwanza kusomwa mpaka mwisho.

Mama mdogo aliingia ndani. Walimsikia akifunga vitu. Alitoka na godoro kichwani, kuku kwapani, sufuria mkononi, akapita mbele ya Namsifu bila kumtazama.

"Nikusaidie godoro."

"Umeshanisaidia," alisema Nakiete. "Umenichukulia barabara. Godoro niachie."

Akashuka. Lakini kila nyumba aliyoipita alisimama, godoro likiyumba, akawaita wenyewe nje na kuwasomea kilichoandikwa kwake, silabi kwa silabi. Wengine walimtukana. Mmoja alimwambia ameongwa ili fidia ibaki ya wachache. Wengine waliingia ndani, wakaanza kutoa magunia.

Namsifu na mzee walimfuata na ngazi. Safu ya chini waliimaliza. Safu ya kati walifika nusu, wakibishana na kila mwenye ukuta. Mwanamke mmoja alitaka maneno yaandikwe kwa jirani kwanza. Manyunyu yalianza. Herufi zikaanza kuchuruzika, HAKUNA ikawa na ndevu, na ukuta uliolowa ukakataa kushika rangi.

"Haishiki tena," alisema Mzee Senzota.

Juu yao ilibaki safu ya mwisho, ile iliyo karibu na ufa. Nyundo zilikuwa bado zinalia kule. Namsifu aliweka viganja mdomoni akaita, "Mzee Sebarua! Shukeni! Hakuna fidia!"

Nyundo ilitulia. Kichwa cha Sebarua kikatokeza juu ya paa.

"Nani kaandika?"

"Sisi!"

"X ni ya serikali, nimeona kopo lao kwa macho yangu. Hayo maneno yenu yana mhuri?"

"Hayana!"

"Basi njooni nayo kesho yakiwa na mhuri! Leo tunaezeka!"

Na nyundo ikaendelea. Karibu naye mtoto mdogo alikuwa amekaa kwenye lile gogo la ufa, anachezesha miguu.

Mzee Senzota aliifunga ngazi kwa kamba. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na jua, ambalo siku nzima halikuonekana, lilikuwa linazama pasipo kuonekana. "Kesho tuanzie juu," alisema. "Alfajiri. Nitakuja na mkaa, mkaa unashika kwenye unyevu. Mhuri nitauchonga kwa kiazi."

"Tulipaswa kuanzia juu leo."

"Tulipaswa."

Namsifu aliinama kuosha brashi kwenye mfereji wa njiani. Asubuhi walipokuwa wanapanda alikuwa amekunywa maji pale, kwa kiganja, safi na baridi. Sasa yalikuwa yanakuja mekundu na mazito kabla hajayagusa, yamebeba majani ya maharage.

Akaitoa brashi, akasimama nayo mkononi, anasikiliza nyundo.